Mambo ya kuzingatia kabla ya huduma mbili za wavuti kutumiana mafaili

Kiambatisho kinachofika kimeharibika mara nyingi hakikuharibikia njiani. Kiliondoka kikiwa kimefungwa kwa namna ambayo mpokeaji hakuambiwa. Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajaandika msimbo, pande zote mbili zikubaliane jinsi baiti zitakavyosafiri, na makubaliano yaambatane na mfano wa ombi zima, heda zake zote (mistari ya maelezo inayotangulia maudhui) zikiwemo. Kuandikiana "tutawatumia PDF" hakutoshi.

Njia rahisi kuliko zote ni kulitia faili ndani ya JSON au XML kwa base64, yaani kusimba (kuandika) baiti kwa herufi za kawaida. Gharama yake inajulikana: kila baiti 3 huwa herufi 4, hivyo faili la MB 9 husafiri likiwa MB 12. Kwa risiti au picha ndogo hakuna neno. Kwa mafaili makubwa, seva nyingi hushikilia matini yote kwenye kumbukumbu, kisha hushikilia tena baiti zilizofunguliwa, na hapo ndipo huduma huanza kuzimika watumiaji wakiongezeka.

Base64 yenyewe ina sura zaidi ya moja. Ya kawaida hutumia alama za + na /, ya kwenye anwani za wavuti hutumia - na _. Ukituma ile ya kawaida kama sehemu ya fomu ya application/x-www-form-urlencoded bila kuisimba tena, kila + husomwa kama nafasi tupu na faili huvurugika. Maktaba nyingine za msimbo hukata mstari kila baada ya herufi 76, kwa desturi ya barua pepe, na vifunguzi vikali hukataa mikato hiyo. Jicho lizoee mianzo: PDF ikisimbwa huanza na JVBERi0, na PNG huanza na iVBORw0KGgo. Ukiona SlZCRVJp, hiyo ni PDF iliyosimbwa mara mbili. Kuna maktaba iliyosimba yenyewe baada ya mtu kusimba kwa mkono. Na ukiona orodha ya namba kama [37,80,68,70], upande wa pili haukusimba kabisa. Hapo ujihadhari zaidi, maana baiti ya Java huanzia -128 hadi 127, ya C# ni 0 hadi 255: baiti ya kwanza ya PNG ni 137 kwa mmoja na -119 kwa mwingine.

Njia ya multipart/form-data hupeleka baiti zilivyo. Kosa lake la kila siku ni mtu kuiandika heda ya Content-Type mwenyewe na kusahau boundary, yaani alama inayotenganisha sehemu. Iache maktaba iiandike.

Kwenye SOAP, itifaki ya huduma za wavuti inayotumia XML, ulizeni mapema kama viambatisho vitatumwa kwa MTOM, njia ya kupeleka baiti nje ya XML iliyopitishwa na W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwaka 2005, au ni mtindo wa zamani wa SOAP with Attachments. WCF, mfumo wa Microsoft wa kujenga huduma za wavuti, inaielewa MTOM lakini huo wa zamani haiujui bila kuongezewa kazi, na ni vibaya kuligundua hilo wiki ya kukabidhi mfumo. Hata MTOM ina mtego wake. Kwenye heda ya sehemu, Content-ID, yaani kitambulisho cha kiambatisho, hukaa ndani ya mabano ya < na >. Kwenye xop:Include, elementi ya XML inayoelekeza kilipo kiambatisho, kitambulisho hichohicho huanza na cid:, hakina mabano, na alama zake husimbwa, mfano cid:http%3A%2F%2Ftempuri.org%2F1. Maktaba isiyorudisha %3A kuwa nukta mbili kabla ya kulinganisha itasema kiambatisho hakipo, ilhali unakiona kwa macho yako kwenye logi.

Ukubwa upimwe kwenye kila lango, yaani kila programu ambamo ombi linapita, kwa kuwa lango jembamba ndilo linaloamua. Nginx (seva ya wavuti) ambayo mipangilio yake haijaguswa hukubali MB 1 na zaidi ya hapo hujibu 413, yaani ombi ni kubwa mno. PHP huanza na MB 2 kwa faili na MB 8 kwa ombi zima; ombi likizidi hapo, $_POST na $_FILES, zinakowekwa data za fomu na mafaili, huwa tupu, na programu humlaumu mtumiaji kwamba hakujaza fomu. IIS, seva ya wavuti ya Microsoft, huishia baiti 30,000,000, ASP.NET ya zamani KB 4,096, na WCF baiti 65,536 tu. Kupandisha kimoja na kuacha vingine ni kazi bure. Kama mnatumia base64, pigeni hesabu kwa ukubwa wa baada ya kusimba.

Muda nao: MB 100 kwenye laini ya megabiti 8 kwa sekunde huchukua sekunde 100, na WCF kwa kawaida hukata tamaa baada ya dakika moja.

Jina la faili litunzwe kwa ajili ya kumwonyesha mtumiaji tu; kwenye diski tumia kitambulisho chako. "Ripoti: Machi.pdf" ni halali Linux na ni haramu Windows, na jina lenye ../ linaweza kutoka nje ya folda uliyokusudia. Aina ya faili nayo usiiamini kutoka kwenye heda, soma baiti za mwanzo. Ila DOCX huanza na PK kama ZIP yoyote, kwa sababu yenyewe ni ZIP.

Jaribio la kwanza lisiwe faili la maandishi, kwani hilo hupita hata palipo na kasoro. Tengenezeni faili la baiti 256, kila thamani kuanzia 0 hadi 255 mara moja, lipelekeni na kulirudisha, kisha linganisheni SHA-256, yaani alama ya kidole ya faili, ya kabla na ya baada. Ongezeni faili tupu, na lingine lililozidi kikomo kwa baiti moja. Kama lile la 256 limerudi limenenepa na ndani yake mfuatano wa EF BF BD unajirudiarudia, kuna mahali baiti zimesomwa kama maandishi ya UTF-8. Anzeni kutafuta pale msimbo unapoligeuza faili kuwa matini.