Mtoto asiyesikia vizuri: angalia umesimama wapi

Jamani walimu wenzangu wa chekechea, kama darasani una mtoto ambaye hasikii vizuri usisimame dirisha likiwa mgongoni kwako, mwanga ukitokea nyuma uso wako unakuwa giza na yeye anategemea sana midomo na macho yako ili aelewe. Mimi kuna binti nilikaa muhula mzima nikijua ni mkaidi, namwita hageuki, kumbe muda wote nafundisha a e i o u huku nimegeukia ubao, anaona kisogo changu tu. Siku nilipohamia upande wa pili nikachuchumaa tukawa tunaangaliana, nikanyanyua kikombe nikasema kikombe, akarudia "tikobe". Nilitaka kulia.

Mkalishe mbele ila pembeni kidogo, ili akigeuka awaone na wenzake, na anayejibu anyooshe mkono kwanza ajue sauti inatoka wapi. Usimpigie kelele, ukipayuka midomo inapinda hata haisomeki, ongea kawaida taratibu. Ukimtaka akuangalie punga mkono au mguse bega, usimshtue kwa nyuma.

Halafu hili la sikio kutoa usaha naomba tusilichukulie poa, ongea na mama yake ampeleke hospitali mapema na asimtie mafuta wala maziwa ya ziwa humo ndani, usaha ukitoka mara nyingi ngoma ya sikio imeshatoboka, na ukiendelea muda mrefu bila matibabu mtoto anaweza kupoteza usikivu hivihivi.