Jinsi ya Kuanza Kutumia Vipodozi Safi na Mafuta Asilia ya Uso

Kabla ya kununua chochote, fahamu kwamba maneno "safi" na "asilia" yanayoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo la kipodozi hayana uzito wa kisheria katika nchi nyingi. Nchini Marekani, kwa mfano, mamlaka inayosimamia chakula na dawa haijaweka maana rasmi ya neno "asilia" kwa upande wa vipodozi, na kila kampuni hujiamulia yenyewe ni kemikali zipi itaziita chafu. Umoja wa Ulaya, kupitia Kanuni namba 1223 ya mwaka 2009, umepiga marufuku zaidi ya viambato 1,300, lakini marufuku hiyo inahusu vipodozi vyote, vinavyojiita safi na visivyojiita hivyo. Anayetaka kujua anapaka nini usoni hana budi kugeuza kopo na kusoma upande wa nyuma.

Orodha ya viambato huandikwa kwa majina ya kimataifa, mengi ya mimea yakiwa ya Kilatini, na hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito. Vile visivyofika asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Chukua chupa inayojinadi kwa mafuta ya argani. Ukikuta Argania Spinosa Kernel Oil ikiwa ya kwanza, au ikiwa peke yake, umepata mafuta yenyewe. Ukiikuta imejificha baada ya Phenoxyethanol, basi jua kwamba unauziwa tone moja ndani ya chupa nzima, kwa sababu kihifadhi hicho chenyewe hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1 barani Ulaya, na chochote kinachofuata baada yake hakiwezi kuwa zaidi ya hapo. Tazama pia neno Parfum. Hilo ni jina moja linaloweza kubeba mchanganyiko wa viambato vingi vya manukato ambavyo havitajwi kimoja kimoja, na kwa mwenye ngozi nyepesi kudhurika ndilo neno la kwanza la kuliepuka, hata kama manukato hayo yametoka kwenye maua.

Kuhusu vihifadhi, nashauri utulivu. Kipodozi chochote chenye maji kinahitaji kitu cha kuzuia bakteria na ukungu, na kopo la krimu lisilo na kihifadhi ni hatari kubwa kuliko lile lenye kihifadhi kinachosemwa vibaya. Parabeni, kundi la vihifadhi vilivyozoeleka, zilipopata sifa mbaya, baadhi ya watengenezaji walihamia kwenye kihifadhi kingine, methilaisothiazolinoni, ambayo ilisababisha mzio kwa watu wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vinavyobaki kwenye ngozi bila kusuuzwa. Mafuta matupu, kwa kuwa hayana maji, hayahitaji kihifadhi cha aina hiyo, na hii ni sababu mojawapo inayoyafanya yawe mahali pazuri pa kuanzia.

Katika kuchagua mafuta, aina ya ngozi ndiyo inayoamua, si bei wala umaarufu wa mmea. Ngozi yenye mafuta mengi na chunusi kwa kawaida huelewana zaidi na mafuta mepesi yenye asidi ya linoleiki (moja ya asidi zinazounda mafuta) kwa wingi, kama vile ya mbegu za zabibu au ya alizeti ya kawaida, ilhali ngozi kavu hustahimili mafuta mazito kidogo yenye asidi ya oleiki, kama ya parachichi na ya marula. Mafuta ya jojoba yanafaa watu wengi. Kwa hakika ni nta iliyo katika hali ya kimiminika, inayokaribiana na sehemu ya mafuta ambayo ngozi ya binadamu hutoa yenyewe, na hayaharibiki upesi. Mafuta ya nazi, yanayopendwa sana kwa nywele na mwili, huziba vinyweleo vya uso kwa watu wengi wenye chunusi, na mafuta ya zeituni yakipakwa mara kwa mara yanaweza kudhoofisha tabaka la juu linalolinda ngozi, hasa kwa mwenye pumu ya ngozi. Ukiwa na vipele vidogo vinavyowasha na vinavyofanana vyote, vinavyosababishwa na fangasi, acha mafuta ya mimea kwanza na umwone daktari, kwa sababu fangasi hao hujilisha asidi zilizomo katika mengi ya mafuta hayo.

Usichanganye mafuta haya ya mbegu na mafuta ya manukato ya mimea, kama ya mti wa chai (tea tree), lavenda au ndimu, ambayo ni makali na hayapakwi usoni bila kuzimuliwa. Ya bergamoti na ya ndimu yaliyokamuliwa kwa baridi yanaweza hata kuiunguza ngozi inapopigwa na jua. Anayeanza hayahitaji kabisa.

Jaribu bidhaa moja kwa wakati mmoja. Paka kiasi kidogo kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko, mahali pale pale, mara mbili kwa siku, kwa muda wa siku saba hadi kumi. Mzio wa ngozi mara nyingi haujitokezi papo hapo bali baada ya siku mbili au zaidi, na ndiyo maana jaribio la usiku mmoja halitoshi. Pasipowasha wala kuvimba, anza kupaka usoni, na usilete bidhaa nyingine mpya kabla ya wiki mbili kupita, kwani ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na uso ukaharibika, hutajua umlaumu nani.

Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuilainisha na kuyazuia maji yaliyopo yasitoroke. Kwa hiyo yapakwe jioni, baada ya kuosha uso kwa maji ya uvuguvugu na kuukausha kwa kuugusagusa na taulo, ukiwa bado na unyevu kidogo. Kama unatumia seramu (kimiminika chepesi cha kutunza ngozi) au krimu, itangulie. Kisha dondosha matone mawili au matatu kiganjani, sugua viganja pamoja mpaka mafuta yapate joto, na uvibonyeze polepole mashavuni, kwenye paji la uso na kidevuni, ukimalizia shingoni kwa kile kilichobaki. Uso ukiwa bado unanata baada ya dakika kumi, umezidisha. Kesho punguza tone moja.

Asubuhi tone moja linatosha, au usipake kabisa, kwa sababu mafuta mengi chini ya krimu ya kukinga jua huifanya isishike vizuri, na yakipakwa juu yake huivuruga. Mafuta ya mimea hayawezi kuchukua nafasi ya krimu hiyo, licha ya madai yanayozunguka kuhusu mbegu za karoti na za rasiberi.

Kwa upande wa rangi, badilisha kwanza faundesheni, inayofunika uso mzima kwa saa nyingi, na rangi ya mdomo, ambayo sehemu yake humezwa. Rangi za kahawia, njano na nyekundu katika faundesheni za madini hutokana na oksidi za chuma, zinazoandikwa kwenye orodha kwa namba za rangi CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Karibu zote hutengenezwa kiwandani, na hilo ni jambo jema, maana udongo wa rangi unaochimbwa ardhini unaweza kuwa na risasi na aseniki. Oksidi hizo pia huzuia sehemu ya mwanga unaoonekana, unaochochea madoa meusi, hasa kwenye ngozi nyeusi. Asiyetaka viambato vya wanyama aangalie CI 75470, rangi nyekundu inayotokana na wadudu: ni ya asili kabisa, lakini si ya mimea. Faundesheni ya maji ikipakwa juu ya mafuta hujikusanya vipande vipande, hivyo subiri kidogo au tumia ya unga.

Hifadhi mafuta katika chupa ya rangi nzito, mbali na joto na jua. Ya rosehipu (tunda la waridi mwitu) huchacha upesi kuliko ya jojoba, kwa hiyo nunua chupa ndogo. Alama ya kopo lililo wazi yenye maandishi 6M au 12M huonyesha miezi ya kutumia tangu kufungua, lakini pua yako ina kauli pia: mafuta yakianza kunuka kama rangi ya kuta au karanga zilizochacha, yamwage, hata kama tarehe bado. Maskara, rangi ya kope, haina subira hiyo. Itupwe baada ya takriban miezi mitatu.