Kujitolea kuongoza vijana Uingereza: karatasi kwanza, nasaha baadaye

Kabla ya kutafuta shirika, tazama kibali chako kinaruhusu nini. Anayeomba hifadhi anaweza kujitolea kwenye shirika la hisani au la umma hata kama bado haruhusiwi kuajiriwa. Mwanafunzi pia anaweza, ila asome anachotia saini. Wakikufunga kwa mkataba wenye saa na majukumu ya lazima, hiyo ni kazi isiyo na mshahara, nayo humega zile saa 20 za wiki ambazo wanafunzi wengi wa digrii wanaruhusiwa wakati wa muhula. Nauli irudishwe kwa risiti. Posho ya jumla ikatae.

Kisha kuna ukaguzi wa DBS, idara ya serikali inayotazama kama una rekodi ya uhalifu. Ada ya serikali wanaojitolea hawatozwi, lakini utaandika anwani zako zote za miaka 5, na hapo ndipo wengi wetu tuliohama vyumba kila baada ya miezi michache tunapokwama. Kusanya mapema barua za benki na mikataba ya pango. DBS haioni yaliyotokea Mombasa wala Mwanza, kwa hiyo shirika linaweza kukudai cheti cha polisi cha tabia njema kutoka nyumbani. Mkenya hukiombea kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Kama una kosa la zamani, liseme mwenyewe kabla cheti hakijalisema. Kwa wadhamini, andika msimamizi wako wa kazi au imamu anayekujua, shemeji hapana.

Karatasi zina mwisho. Kinachotusumbua zaidi ni malezi tuliyokulia, ambapo mtoto wa jirani unamtuma dukani, unamkanya na kumlisha bila kumwuliza mtu. Huku kijana unayemwongoza humwaliki kwako kula pilau, humpi pesa mkononi, wala hamwandikiani kwa simu zenu binafsi. Mnakutana shuleni, maktaba, mahali penye macho ya watu. Akikudokezea kwamba anapigwa nyumbani, usimwahidi siri: siku hiyohiyo unamweleza afisa wa ulinzi wa watoto wa shirika. Usimpigie mama yake ili usuluhishe, hata kama mnaswali msikiti mmoja. Tena kama mnafahamiana na familia hiyo, mwambie mratibu kabla hamjapangwa pamoja. Mji ni mdogo, na kijana atakufungia mdomo akihisi maneno yatafika nyumbani.

Na nasaha zipunguze. Kijana wa miaka 15 aliyezaliwa Leicester hana haja na habari za ulivyotembea pekupeku kwenda shule. Mwulize, kisha nyamaza. Atakachokithamini ni kukaa naye mkiandika wasifu wa kazi, au kufanya mazoezi ya kumpigia simu mwajiri anayechukua wanagenzi. Hayo uliyajifunza ukubwani ukiwa mgeni, kwa hiyo unakumbuka kila hatua.

Programu nyingi hutaka ukae angalau mwaka. Kama zamu zako za nyumba ya wazee hubadilika kila wiki, omba kukutana naye mara moja kila wiki mbili, au tafuta programu inayoendeshwa kwa video.