"Hela ya walemavu inachukuliwa dirisha gani?" Majibu ya Jumanne

Kila Jumanne asubuhi nakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kata hapa Moshi mjini, faili la kijani mapajani. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Si wakili, sivai joho, sichukui hela ya mtu. Mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye msumeno wa karakana moja ya mbao kule Pasua, mwaka 2017. Nalisema mapema kwa sababu watu wakishauona huo mkono wanaacha haya, wanaanza kuuliza.

Na swali la kwanza huwa ni lile lile: "Kaka, hela ya walemavu inachukuliwa dirisha gani?"

Dirisha hilo halipo. Tanzania Bara hakuna posho ya kila mwezi anayopewa mtu kwa kuwa ana ulemavu basi. Iko milango kadhaa na kila mmoja una masharti yake. Uliumia kazini? Nenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ulikuwa unachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF au PSSSF ya watumishi wa umma, ukapata ulemavu, hata kama si kazini? Uliza pensheni ya ulemavu. Kaya yenu haina kitu? TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Unatafuta mtaji? Mkopo wa halmashauri. Anayekosea mlango huzungushwa hadi viatu viishe, kisha anakuja kuniambia serikali imemnyima.

Nianze na WCF, maana huko ndiko niliungua mwenyewe.

Bosi wangu alilipa bili ya hospitali, akanipa mshahara wa miezi miwili mkononi, akasema, "Mdogo wangu, haya tumeyamaliza kiume, usiyapeleke mbali." Nikashukuru. Nilikuwa sina mkataba wa maandishi, nikajiona kibarua asiye na pa kusemea. Miezi ikakatika. Miezi kumi na moja baada ya ajali, fundi mwenzangu akaniuliza kama nimeshadai. Nidai nini? Ndipo nikajua kwamba dai la fidia linatakiwa lifike ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu ugonjwa wa kazini ubainike. Nilikuwa nimebakiza siku za kuhesabu.

Kwa hiyo, ukiumia, mwambie mwajiri siku hiyo hiyo, na uache alama ya kuonyesha ulimwambia. Ujumbe wa simu unatosha, ila usiufute. Yeye akishajua ana siku 7 za kutoa taarifa WCF. Asipotoa, nenda mwenyewe. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Tafuta wa kushuhudia kwamba ulikuwa kazini, miamala ya simu aliyokulipia, picha ukiwa na aproni, chochote. Akikwambia "mimi sichangii huko", hilo ni kosa lake, si lako. Mchango wa WCF hulipwa na mwajiri peke yake, na haitakiwi ukatwe hata shilingi kwenye mshahara wako.

Unapata nini? Matibabu kwanza. Ukiwa hujaweza kurudi kazini, kuna malipo ya asilimia 70 ya kipato chako, kwa muda usiozidi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, unapimwa kwa asilimia. Kuanzia 30 kushuka chini unalipwa kwa mkupuo mara moja; ikizidi 30 inakuwa pensheni ya kila mwezi. Vidole vyangu viwili havikufika huko, nikalipwa kwa mkupuo, nikanunua cherehani ya mke wangu na mabati. Ukiona asilimia uliyopewa hailingani na hali yako, usigombane na karani. Omba uamuzi kwa maandishi, kisha uombe upitiwe upya. Maneno ya kaunta hayakatiwi rufaa.

Pensheni ya ulemavu ya NSSF ni habari nyingine. Hapo haijalishi ulianguka kwenye ngazi ya nyumbani au kiharusi kilikupata kanisani. Wanachotazama ni michango yako na jinsi daktari alivyoona uwezo wako wa kujipatia kipato ulivyopungua. Kabla hujapanga foleni, omba taarifa ya michango yako. Nimeshaona wazee wawili wakigundua siku hiyo kwamba walikatwa miaka na hela haikuwahi kupelekwa.

TASAF watu wananililia sana. Mama mmoja wa Njoro mwenye mtoto asiyetembea alikuja na barua nzuri kabisa ya maombi, ina muhuri. Nikamwambia polepole: mama yangu, huku hakuombwi kwa barua. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa mtaa, majirani wakiwepo, halafu ndipo inahakikiwa. Ulemavu huongeza uzito lakini peke yake hautoshi, kwa sababu kinachotazamwa ni umaskini wa kaya nzima. Kwa hiyo mkutano ukitangazwa usikose, hata kama jua linawaka. Ukiachwa bila sababu, peleka malalamiko kwa mtendaji na uombe yaandikwe.

Mkopo wa halmashauri nao una maneno yake. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Lakini ni mkopo, jamani! Kuna waliokula wakidhani ni ruzuku. Aliye na ulemavu anaweza kuomba hata akiwa peke yake, si lazima awe na kikundi. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mikopo hii ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata, kwa hiyo usikubali mtu akwambie "ilishafutwa".

Karatasi: namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), barua ya mtaa, vyeti vya hospitali. Toa nakala mbili mbili za kila kitu, utie kwenye mfuko wa nailoni. Mvua za Moshi hazina adabu. Asiyeweza kusaini anaweka dole gumba. Anayehitaji mkalimani wa alama aseme mapema.

Limebaki la kufukuzwa kazi. Kumwacha mtu kwa sababu ya ulemavu wake kumekatazwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mlango wake ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku ni 30 tu tangu uachishwe. Zikipita, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze kila siku uliyochelewa, kazi ngumu hiyo. Dada mmoja wa Majengo, mfanya usafi, alikuja na fimbo yake siku ya 27. Alikuwa amezitumia zote kumsubiri meneja aliyeahidi kumpigia. Fomu tuliijaza palepale kwenye benchi, yeye anasema, mimi naandika, mtoto wake ameshika wino. Kesho yake saa mbili asubuhi ilikuwa imeshapigwa muhuri.