Vile utatengeneza kometi yako kwa karai na barafu ya samaki

Oktoba 2024 ile kometi ya Tsuchinshan-ATLAS ilipopita, tulienda kuiangalia pale Dunga, ufuoni Kisumu, jua likishazama, na karibu kila mtu aliyekuwa kando yangu alikuwa anasema ile kitu inachomeka. Haichomeki. Kometi ni barafu chafu, baridi kabisa, nyeusi kuliko makaa, na watoto wa dada yangu walikataa kuniamini mpaka nikawatengenezea moja nyuma ya nyumba. Sasa tunafanya kila likizo.

Utahitaji karai mbili tatu, barafu iliyopondwa kama nusu ya ndoo ya lita 10, vumbi la makaa, udongo mkavu uliochekechwa, masizi ya sufuria, na kipande kidogo cha magadi. Barafu nunua kwa hawa wanaosafirisha mbuta, lakini enda asubuhi, na uibebe kwa gunia si kwa karatasi ya plastiki, mimi mara ya kwanza nilibeba kwa karatasi nikafika nyumbani na maji. Watu wengine hutumia barafu kavu, ile ya kaboni dayoksaidi, inatoa moshi poa sana lakini inachoma mikono na kuipata ni kazi. Ya samaki inatosha.

Ponda barafu iwe kama unga wa ugali ulio na madonge, changanya na udongo kiasi cha ngumi mbili, vumbi la makaa ngumi moja, halafu finya kwa nguvu mpaka ishikane. Usiifanye mviringo kama mpira. Ile kometi inaitwa 67P, ambayo chombo cha anga cha Ulaya kinaitwa Rosetta kiliifikia Agosti 2014 baada ya safari ya miaka 10, iko na umbo la vipande viwili vimeshikana shingoni, kama bata, na ukubwa wake ni kama kilomita 4. Kwa hivyo finya madonge mawili uyagandamize. Harufu ukitaka iwe ya ukweli ungeongeza yai viza na mkojo wa farasi, kwa sababu vyombo vya Rosetta vilinusa haidrojeni salfaidi na amonia huko. Sisi hiyo tumeruka, majirani wako na mipaka.

Magadi sasa. Hii si ya kometi, ni ya asteroidi, yaani mwamba unaozunguka jua, lakini mimi huiweka kwa sababu inanifurahisha sana. Chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kinaitwa OSIRIS-REx kilileta gramu 121.6 za mchanga na mawe kutoka asteroidi Bennu, Septemba 2023, na walipoangalia kwa labu wakapata ndani yake trona, ambayo ndiyo hii magadi ya Ziwa Magadi, hii hii mama anatia kwa mrenda. Maana yake kulikuwa na maji ya chumvi mahali fulani, yakakauka polepole kama vile ziwa la magadi hukauka. Mpatie kila mtoto ashike kipande huku ukimwambia hiyo story, utaona macho.

Sasa jaribio lenyewe, na hapa usiharakishe. Tengeneza madonge matatu ya saizi moja. La kwanza barafu tupu, nyeupe. La pili paka masizi kidogo tu juu, mpako mwembamba. La tatu funika na vumbi la makaa na udongo unene wa vidole vitatu. Weka zote juani saa tano asubuhi hivi, halafu kabla ya kuangalia uliza watoto ni gani itaisha kwanza. Wote husema ile nyeupe. Kwetu ya masizi ndiyo hutangulia kuisha, kwa sababu nyeusi inameza jua, na ile iliyofunikwa ndiyo hukaa hadi mwisho, na hapo mwenye kuuza samaki atakucheka kwa sababu yeye amejua hiyo siku zote, ndiyo maana anafunika barafu na gunia.

Hiyo ndiyo siri ya kometi. Chombo Giotto kilipopita karibu na kometi ya Halley Machi 1986, kwa umbali wa kama kilomita 600, kilikuta kiini cheusi tititi, kinarudisha kama asilimia 4 tu ya mwanga. Vumbi limefunika barafu. Kwa hivyo chukua msumari utoboe lile donge la tatu, maji yatatokea hapo kwa shimo. Kometi nayo ni hivyo, inatoa gesi kwa nyufa na mashimo, isipokuwa huko hakuna hewa ya kuikandamiza kwa hivyo barafu haigeuki kwanza kuwa maji, inakuwa mvuke moja kwa moja.

Ukibaki na vumbi kavu juu ya donge, angusha jiwe kutoka usawa wa kichwa. Vumbi litaruka usione shimo. Hivyo ndivyo ilivyowapata Wamarekani wa chombo cha Deep Impact tarehe 4 Julai 2005, waligonga kometi Tempel 1 na chuma cha kilo 370 kikienda kilomita 10 kwa sekunde, vumbi likawa laini kama poda na likafunika kila kitu, shimo lenyewe wakaja kuliona 2011 chombo kingine, Stardust, kilipopita hapo, upana wake kama mita 150.

Mkia ni rahisi. Funga nyuzi kwa kijiti, jiko ndilo jua, mtoto alizunguke, na nyuzi zielekee mbali na jiko kila wakati hata akiwa anarudi. Watoto wengi hukosea hapa, wanaacha mkia ufuate nyuma kama vumbi la matatu. Mkia wa kometi unasukumwa na jua, kwa hivyo ikirudi kutoka kwa jua mkia unatangulia mbele.

Jioni barafu ikiisha, utabaki na gamba jeusi kwa karai. Mmoja aliniuliza, anko, sasa hii ni kometi ama asteroidi, na ni swali ambalo hata wanasayansi wanalo, kwa sababu kuna Phaethon, inaitwa asteroidi lakini imeacha njia ya vumbi inayotuletea vimondo vya Geminidi kila katikati ya Desemba. Karai uoshe hapo hapo lakini, masizi yakikauka mwenye karai atakutafuta.