Namna ya Kuitazama London kwa Boti: Mwongozo kwa Msafiri wa Nairobi

Msafiri wa Nairobi aliyebakiwa na siku moja tu ya matembezi jijini London, baada ya mkutano au baada ya kuwaona jamaa zake, afanye vyema kupanda boti ya watalii katika gati la Westminster na kuteremka na mkondo wa Mto Thames hadi Greenwich, safari ya takriban saa moja. Aangalie asipande boti za wanaokwenda kazini, kwani hizo huenda kasi na kwa kawaida hazina mtu wa kueleza lolote. Tikiti iwe ya kwenda tu, maana kurudi kwa boti ni kuyaona yaleyale mara ya pili.

Thames hujaa na kupwa pamoja na bahari, na tofauti ya kina hapo mjini inaweza kufikia mita 7. Kwa kuwa gati huelea, maji yakipwa njia ya kushukia huwa na mteremko mkali; anayeandamana na mzazi mzee heri achague saa za maji kujaa. Hata hivyo, ni maji yakipwa ndipo ukuta wa ukingo wa kaskazini hujitokeza wote, pamoja na vichwa vya simba vya shaba nyeusi vilivyouma pete za kufungia mashua. Wenyeji husema kwamba simba hao wakinywa maji, London itazama.

Kiti cha kuwania ni cha sitaha ya juu, upande wa kushoto. Sisi tumezoea jua la utosini, lakini huko jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, hivyo majengo ya ukingo wa kushoto ndiyo yanayomulikwa vizuri kwa picha. Sweta ni lazima hata mwezi wa Julai.

Mnara wa saa wa Bunge, wenye urefu wa mita 96 na uliokamilika mwaka 1859, upigwe picha mapema, kwa sababu huachwa nyuma mara tu boti ing'oapo nanga. Baadaye hutokea nguzo ya mawe iliyotoka Misri na kusimamishwa hapo mwaka 1878, kisha kuba la Kanisa Kuu la St Paul's, lililojengwa upya baada ya moto wa 1666. Wengi hulichanganya daraja la Tower Bridge, la mwaka 1894, na London Bridge, ambalo ni daraja la zege lisilo na madoido, lililofunguliwa mwaka 1973, mwaka uleule KICC yetu ilipozinduliwa. Kati ya madaraja hayo mawili, utazame kushoto chini ya ngome ya Tower: hapo pana Lango la Wasaliti, ambalo wafungwa waliingizwa kwa mashua.

Anayetoa maelezo mara nyingi ni baharia wa boti yenyewe, si mwongozaji aliyesomea kazi hiyo, na mizaha yake ni mingi kuliko tarehe. Usiogope kumwuliza. Baada ya Tower Bridge, abiria wengi huanza kuchezea simu, ilhali hapo ndipo penye historia inayotugusa: ndani ya bandari ndogo ya St Katharine Docks, upande wa kushoto, limo jengo liitwalo Ivory House, ghala la karne ya 19 lililohifadhi pembe za ndovu. Anayekumbuka moto wa pembe uliowashwa mwaka 1989 katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi hatakosa swali. Mwishoni huzungushwa chombo cha bakshishi. Sarafu chache zinatosha, na hakuna anayelazimishwa.

Huko Greenwich, merikebu ya chai Cutty Sark ya mwaka 1869 iko karibu kabisa na gati, na mlimani juu ndiko uliko mstari wa longitudo sifuri, ambao saa za Nairobi ziko mbele yake kwa saa 3. Stesheni ya treni ya kurudia mjini iko hatua chache kutoka kwenye merikebu hiyo.