Kumfundisha Mzee wa Baraza Kupatanisha: Mwongozo kwa Waandaaji wa Mafunzo katika Vijiji vya Wakulima na Wafugaji

Katika vijiji vingi vya Morogoro, Manyara na Tanga ambako wakulima na wafugaji wanatumia ardhi moja, ugomvi huanza kwa tukio dogo: ng'ombe wameingia shambani alfajiri, mwenye shamba amewakamata na kuwafungia, na mwenye mifugo amekuja kuwadai akiwa na vijana wake. Saa chache zinazofuata ndizo zinazoamua kama jambo hilo litaishia kwenye fidia au kwenye maziko. Mnamo Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, baada ya mvutano wa aina hiyo hiyo. Anayeandaa mafunzo ya amani kwa viongozi wa vijiji hivi anapaswa kuwa na saa hizo chache akilini tangu anapoandika ratiba yake.

Ugumu wa kazi hii hautokani na ujinga wa viongozi. Unatokana na mazoea yao ya kuhukumu. Mzee aliyeketi barazani kwa miaka ishirini hutarajiwa asikilize pande mbili, aseme nani ana makosa, kisha atoze faini. Faini hulipwa, lakini aliyelipa hurudi nyumbani na kinyongo, na msimu ujao mifugo huingizwa shambani kwa makusudi. Kwa hiyo lengo la mafunzo ni moja: mzee huyo ajizuie kutoa uamuzi, na badala yake awasaidie wagomvi wafikie makubaliano ambayo wao wenyewe wataona aibu kuyavunja.

Anza na uteuzi wa washiriki, na usiuachie ofisi ya kijiji peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na linathibitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hao saba ni lazima wawepo. Lakini kila kijiji kina watu wengine ambao majirani huwaendea usiku kabla hawajaenda ofisini: mama muuza maziwa anayezijua boma zote, laigwanani, yaani kiongozi wa kimila wa Wamaasai, anayesikilizwa na vijana wao, shehe au mchungaji, kiongozi wa vijana waendesha bodaboda. Uliza katika kila kitongoji, “Mkigombana, mnamwendea nani kwanza?” Majina yatakayojirudia ndiyo ya kualika. Washiriki wasizidi ishirini na watano, na wafugaji wasiwe wawili watatu waliokaa nyuma kama wageni. Mtendaji wa kijiji akaribishwe kufungua mafunzo na kushiriki sheria inapoelezwa, lakini asiwepo wakati wa mazoezi, kwa sababu mbele yake watu husema yale wanayodhani anapenda kuyasikia.

Siku ya kwanza isitumike kueleza maana ya amani. Wagawe washiriki katika makundi yaliyochanganyika, uwape karatasi kubwa, nao wachore kijiji chao: mashamba, malisho, malambo, mapito ya mifugo, na mahali palipowahi kutokea mapigano. Kisha waweke kalenda ya mwaka chini ya ramani. Mara nyingi itaonekana kwamba ugomvi una majira yake: mazao yanapokaribia kuvunwa, na kiangazi kinapokauka hadi maji yakabaki sehemu moja tu. Ugunduzi huu una uzito kwa sababu wameufikia wao wenyewe, na unawafanya waanze kuzungumzia maji na njia badala ya kabila. Mahali ambapo wapo wasiozungumza Kiswahili kwa ufasaha, tafuta mkalimani ambaye pande zote mbili zimemkubali, na umkabidhi sharti moja, kwamba atafsiri hata maneno makali bila kuyalainisha.

Siku ya pili ni ya mazoezi, na ndiyo ninayoithamini kuliko nyingine zote. Tunga kisa kinachofanana na maisha yao lakini kisichomhusu mtu yeyote kijijini. Kwa mfano, ng'ombe arobaini wamekula ekari mbili za mahindi, kijana aliyekuwa akichunga amepigwa, na ndama wawili hawajulikani walipo. Mkulima acheze nafasi ya mfugaji, na mfugaji acheze nafasi ya mkulima. Mwanzoni watacheka, lakini baada ya muda utawasikia wakitetea hoja ambazo jana walikuwa wakizipinga. Wapatanishi wawe wawili, mmoja kutoka kila upande, na ikiwezekana mmoja awe mwanamke.

Wafundishe kuusikiliza kwanza kila upande peke yake, kisha kuwakutanisha. Upande mmoja ukimaliza kueleza, mpatanishi arudie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe hadi msemaji akiri kwamba ndivyo alivyosema. Zoezi hili huonekana la kitoto, ila huwashinda wazee wengi mara ya kwanza, kwa maana wanaporudia huongeza lawama bila kujua. Mkufunzi asimamishe zoezi papo hapo kila inapotokea, kwa heshima, akisema, “Mzee wangu, hilo la mwisho yeye hakulisema.” Baada ya hapo wajifunze kuuliza kilichojificha nyuma ya dai. Mkulima anayedai shilingi milioni moja huenda anachohofia ni chakula cha watoto wake hadi masika. Hapo magunia kadhaa ya mahindi na ahadi ya kuhamisha njia ya mifugo vinaweza kumfaa zaidi kuliko fedha anayosubiri mwaka mzima. Thamani ya hasara yenyewe isikadiriwe na mpatanishi. Aitwe afisa ugani alipime shamba mbele ya pande zote mbili.

Sheria ielezwe kwa ufupi, lakini kwa usahihi. Baraza la Ardhi la Kijiji linapatanisha. Halilazimishi, na mtu halazimiki kulitumia. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata nalo limebaki na kazi ya usuluhishi katika migogoro ya ardhi, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wajulishwe pia kwamba sheria hiyo ya 1999 inaruhusu wakulima na wafugaji kuwekeana mkataba wa kutumia ardhi kwa pamoja, kama vile mifugo kula mabua baada ya mavuno.

Katika jambo moja mkufunzi asilegeze kamba hata kidogo. Mauaji, ubakaji na ukatili dhidi ya watoto havipatanishwi barazani. Wazee watasema kwamba mila inajua namna ya kumaliza mambo hayo kwa mifugo, na watasema kwa nia njema ya kuzuia kisasi. Wasikilizwe, kisha waelezwe kwamba binti aliyebakwa hakuketi katika kikao hicho wala hakupokea ng'ombe hata mmoja. Kazi yao katika tukio kama hilo ni kumfikisha hospitali na polisi, na kutuliza vijana ili wasilipize.

Siku ya mwisho waandike makubaliano ya kisa walichoigiza: nani atafanya nini, kwa kiasi gani, kabla ya tarehe ipi, na nani atakwenda kuthibitisha. Yasomwe kwa sauti katika lugha zote zinazotumika kikaoni, yatiwe sahihi au dole gumba, na kila upande ubaki na nakala. Neno “mapema iwezekanavyo” lifutwe kila linapoonekana, maana ahadi isiyo na tarehe huzaa ugomvi wa pili.

Rudi kijijini wiki chache kabla ya msimu wa mavuno, pindi kalenda ile inapoonyesha hatari. Omba daftari la baraza, lakini usiridhike nalo, kwa kuwa daftari tupu linaweza kumaanisha kwamba watu wameacha kulileta jambo lolote mbele ya wazee. Nenda mnadani na kwenye bomba la maji, uwaulize akina mama kama ng'ombe waliokamatwa wiki iliyopita walirudishwa, na kwa maneno gani.